Siku Nilipowafanya Wakristo wa Kibabi Kuwa Elektroni

Haya ya siku ile haijanitoka, na hata leo nikiikumbuka niko peke yangu njiani ninajifunika uso na kitenge, basi mukicheka mucheke tu, mimi mwenyewe nitawasaidia.

Ninasoma fizikia ku université kule Goma, na mémoire yangu, kile kitabu cha kumaliza masomo, iko juu ya elektroni zinazoishi ndani ya tabaka mbili nyembamba zilizokaribiana sana (nyembamba hata jicho haliwezi kuziona, musiniulize nani alizipima). Nilikuwa nimefika nyumbani Kibabi kwa likizo jana yake tu, sijasikia habari yoyote ya kijiji, na Jumapili pastere akamaliza mahubiri akasema, "Dada Solange, kuja mbele, uelezee vijana kile unasoma."

Dada yangu akaninong'oneza, "Salimia tu, ukae."

Ningemsikiliza. Lakini kusalimia nikaona ni kidogo, nikataka kuwaonyesha, na kwa sababu ubao haukuwapo nikasema nitatumia watu.

Kanisani kwetu wanaume wanakaa upande mumoja na wanawake upande mwingine, njia iko katikati, basi nikageuza benchi mbili za mbele zitazamane, ya wanaume njo tabaka moja, ya wanawake tabaka ingine, na ile njia njo ukuta, hakuna kuvuka. Nikawaambia, ninyi sasa ni elektroni, na elektroni haipendi kukaa karibu na elektroni ingine, hata ile ya ng'ambo, kwa hiyo kila muntu akae mahali mbele yake pako wazi. Wakacheka, wakajipanga. Kisha nikamusukuma kidogo Papa Innocent, mufugaji mupole aliyefiwa na muke wake, akasogea kuume. Wanawake nao walipaswa kusogea, lakini wengi walibaki wanaangaliana, hawajaelewa. Mama Riziki, mujane anayelima maharagi kwenye kilima, alikuwa amekwisha kusogea. Nikamurudisha Papa Innocent kushoto, na Mama Riziki akarudi naye kabla sijafungua kinywa, macho yake chini.

Furaha ikanipanda kichwani, maana hata ndani ya vitabu sijaona mufano muzuri vile. Nikapaza sauti: "Mumeona hawa wawili? Hawagusani, hawasemeshani, ukuta iko katikati, lakini huyu akitikisika kidogo, ule amekwisha kujua."

Kanisa lote likanyamaza, na mimi mujinga nikadhani kule kunyamaza njo kuelewa, nikaongeza kwamba jambo hili linaonekana zaidi kukiwa baridi kali (na ni kweli, ni fizikia, prof wangu atawaambia). Muntu fulani nyuma akakohoa. Nikamuona baba yangu, ambaye ni muzee wa kanisa, ameshika kichwa na mikono miwili.

Sasa niwaambie kile kila muntu mule ndani alijua isipokuwa mimi. Juma lililotangulia wazee wa kanisa, baba akiwamo, waliwaita hao wawili kuwauliza kama kuna kitu kati yao, kwa sababu watoto wa Papa Innocent hawakutaka baba yao aoe kwa watu wa mashamba, na shemeji ya Mama Riziki hakutaka ng'ombe ziingie katika shamba la marehemu ndugu yake. Wote wawili walikana, mukono juu ya Biblia.

Papa Innocent akasimama. Nilidhani anakuja kunipiga.

"Mutoto huyu ametoka mbali," akasema polepole. "Hakuna muntu alimwambia kitu, na ameona. Mimi nimechoka kukana. Huyu mama ninamupenda."

Innocent mwenyewe, ule mutoto wake mukubwa anayeitiwa jina, akatoka nje bila kugeuka. Shemeji ya Mama Riziki akainuka, akasema, "Basi lile shamba, mama, hautalilima tena."

"Nimesikia, shemeji," Mama Riziki akajibu, sauti yake iko ya kawaida kama vile ameambiwa mvua itanyesha. Akasimama, akanyoosha kitenge, akavuka ile njia (na nilikuwa nimesema wazi, hakuna kuvuka), akakaa karibu na Papa Innocent ku benchi ya wanaume, kitu ambacho sijaona tangu nizaliwe. Na mimi niko pale mbele, mukono bado umenyooshwa kama polisi wa barabara, hakuna aliyekumbuka kuniambia nikae.

Nyumbani baba aliniuliza neno moja tu, "Tulikutuma kusoma ao kupekua watu?" kisha akaninyamazia karibu likizo yote. Wale wawili waliadhibiwa na kanisa kwa kile kiapo, halafu wakaoana bila ngoma, na Innocent alikuja, akasimama mulangoni, hakuingia, lakini alikuja. Shamba lilichukuliwa kweli. Nilienda kumuomba Mama Riziki musamaha, akanipa maziwa, akasema, "Kunywa, mutoto wangu, yale mambo yamekwisha." Niliyanywa, lakini nikipita pale kilimani na kuona maharagi ya muntu mwingine, ninaangalia upande wa pili.

Leo muntu akiniuliza ninasoma nini, ninajibu, "Mambo ya courant, umeme tu." Akinikaza sana ninaomba viazi, ninavipanga juu ya meza misitari miwili, ninavisogeza taratibu. Kiazi hakina shemeji.