Kanga Iliyokwenda Peru

Wiki iliyopita, hapa ughaibuni, mtaani kwetu Crescent Town, nilipanda lifti na mwanamke aliyembeba mtoto kwa kanga. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni baba aliponionyesha picha ya mama, aliyekuwa amekwenda Peru kuhubiri na kusaidia mji uliokumbwa na mafuriko. Alikuwa amesimama kwenye matope, amembeba mgongoni msichana nisiyemjua, kwa kanga yangu, ile aliyonibebea mimi, iliyonukia mafuta ya nazi.

"Ni yatima, mwanangu," baba alisema. "Tumwombee."

Nilidhani nimeshapata mdogo, na mama harudi tena. Nikafumba macho nikaomba mvua inyeshe upya kule.

Sasa najua yule mtoto alipoteza nini. Mama sijamsamehe hata hivyo. Siku hizi naye anaishi jiji hili hili; jana alinipigia simu.

"Jumamosi utanipeleka kliniki, mwanangu?"

"Jumamosi najitolea, mama."

Sijitolei popote.