Kompyuta Yenye Mkojo wa Panya

Nimenusa mengi Lubumbashi, lakini lile sanduku lilinishinda. Panya walikuwa wamezalia juu ya nyaya zake na kukojoa kila pembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kampuni ya migodi aliyofanyia kazi baba yangu, yenye majina ya wafanyakazi wote. Niliikuta mtaa wa Kamalondo, kwa muuza vyuma chakavu.

Kampuni ilikuwa inavunjika. Nyumba za kambi zilikuwa zinaachiwa wafanyakazi na wajane wao. Asiye na karatasi alitolewa nje na sufuria zake. Fomu ya mama ya kupewa nyumba ilikosa saini moja tu, ya mkuu wa ofisi. Huyo alikuwa shemasi wa parokia yetu, na kwenye mazishi ya baba ndiye aliyetoa hotuba huku akilia. Machozi ya mamba yana ukweli zaidi.

"Machine ilikufa, mama," alimwambia. "Jina ya bwana yako ilikufa mule. Nitasaini namna gani?"

Kazi yangu ni kompyuta, ndiyo maana niliisaka mashine ile hadi nikaipata. Nilitoa diski, nikaipangusa kwa spiriti, nikanakili yote yaliyomo katika faili moja. Kisha nikajaribu kuiwasha ile nakala ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yangu. Giza. Nikarudia, giza tena. Mfumo ule ulitungwa kwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kizamani, nami nilikuwa nauigizia ya kisasa. Nikaigiza ya kizamani, nikapunguza kumbukumbu, na siku ya tatu, saa sita mchana, herufi za kijani zikatokea. Machine haikuwa imekufa. Mtu mzima alimdanganya mjane akiwa na rozari mkononi!

Programu iliomba namba ya mfanyakazi. Mama, aliyesimama nyuma yangu, aliitaja bila kufikiri, kwa sababu miaka mingi alipanga nayo foleni ya posho ya unga wa bukari, ugali wetu. Ukurasa wa baba ukafunguka. Uliandikwa: amefariki. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili kabla hatujamzika, wakati bado alikuwa anatoka kila asubuhi kwenda kazini, bila mshahara, akisema kampuni itainuka. Chini yake: nyumba imepewa mke wa mkuu wa ofisi.

Katika nakala ile ningeweza kumfufua baba kwa kubadili neno moja. Nilinyoosha kidole.

"Acha," mama alisema. "Ubakishe vile ule shefu mwenyewe aliandika."

Nikauchapisha ukurasa ulivyo.

Jumapili, baada ya misa, shemasi alikuwa anapeana mikono mlangoni. Mama akampa ule ukurasa badala ya mkono. Akausoma, jasho likamtoka, akamwomba waingie sakristia.

"Hapana, ni hapahapa," mama alisema, kwa sauti yake ya kuitia watoto. "Unielezee, shefu. Kama bwana yangu alikufa ile mwaka, ni nani alikuwa anakula bukari yangu miaka mbili?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama akakunjua fomu ya nyumba, akaniomba kalamu. Shemasi alisaini juu ya boneti ya gari lake, bila kutuangalia.

Kabla ya kunirudishia kalamu, mama aliipangusa kwa pindo la kitenge chake, mara mbili.