Kinasa Sauti Kilichofungwa kwa Trei za Mayai

"Kwa nini msirekodi tu kwenye simu mkamtumia?" Kijana wa ofisi ya wakala wa mizigo jijini Dar es Salaam aliniuliza hivyo mbele ya sanduku la mbao lililong'olewa kifuniko, nami sikuwa na jibu. Mwenye jibu, mama mmoja muuza mayai, alikuwa amesimama kando yangu, mkono mmoja kifuani, akihema kama mtu aliyepanda mlima, na hakulitoa. Wiki iliyopita tumemzika mama huyo hapa Sumbawanga, katika upepo huu wa kipupwe unaopita sweta na koti mpaka kwenye mifupa. Makaburini padri alisifu uaminifu wake, jumuiya ndogo ndogo ikasifu ukarimu wake, na wenzake wa sokoni wakasema hajawahi kumuuzia mtu yai viza. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyetaja kinasa sauti, na nilirudi nyumbani nikiwa na dukuduku, kwa sababu kama kuna jambo moja lililonifundisha huyu mama alikuwa nani, ni lile.

Wasomaji wa safu hii wanaopita sokoni watamkumbuka: mwembamba, mkali, anauza mayai ya kienyeji anayoletewa kutoka Kate na vijiji vya huko, na ukiligusa yai bila kununua anakuuliza kama umekuja kulitahiri. Mimi alinifahamu kwa ubishi wangu wa bei, na akaniita msomi, neno ambalo kinywani mwake halikuwa sifa. Siku moja alinifuata nyumbani, akakataa chai, akasema ana kitu cha kumpelekea mtu Ulaya na anataka mtu wa kumwandikia Kiingereza. Nikaenda kukiona. Chini ya meza, kimefunikwa blanketi, palikuwa na kinasa sauti cha zamani cha tepu za mviringo, kizito kama gunia la mahindi, ndani kimejaa taa za kioo nyembamba kama ganda la yai. Alipokuwa msichana wa kwaya, alinisimulia, bruda mmoja Mholanzi aliyesimamia karakana ya misheni alikuwa akiwarekodi kwa mashine hiyo. Alipoitwa kurudi kwao alimkabidhi yeye, akamwambia amtunzie, atakuja kuichukua. Hakurudi. Sasa mpwa wa kike wa bruda huyo ameandika kwa parokia kwamba mzee yuko kitandani, hali si nzuri, na anaitaja mashine yake.

Mimi ni mtu wa kuuliza, wasomaji mnanijua. Nikamwambia kuna njia rahisi: tuiwashe, turekodi kwaya kwenye simu yangu, tumtumie mpwa, na jioni hii hii mzee atakuwa ameisikia. Akaanza kulikunja lile blanketi. "Mwanangu, nimekuomba Kiingereza. Akili ninayo." Nikasema basi tumpigie simu, waongee. "Simu ya nini?" akanijibu, akageukia mashine. Akaiwasha. Upande wa mbele likawaka jicho dogo la kijani, kitaa cha kioo chenye mabawa mawili ya mwanga, na tepu ilipoanza kuzunguka na kwaya kuimba, yale mabawa yakawa yanakaribiana kila sauti ilipopanda na kuachana ilipotulia. "Hili," akasema, "likivunjika tumefanya kazi bure." Nikamuuliza kwa nini hilo na si taa nyingine. Akanieleza kwamba bruda alipokuwa akirekodi hakuwatazama waimbaji hata mara moja. Alikazia macho hilo jicho, akiwaongoza kwa kidole, wewe rudi nyuma, wewe sogea. Wenzake wa kwaya walimchukia. Walisema ana maringo, ukimwita kwa nyuma hageuki. "Na wewe?" nikauliza. "Mimi nilikuwa nasimama mbele," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza dunia inavyopanga mizigo. Ndege hutoza kwa uzito, na kwa uzito ule bei ya ofisi ya kwanza ilitufanya tutoke bila kuaga. Ilibaki meli: unachangia nafasi ndani ya kasha moja na watu wengine, kila mmoja na furushi lake, na unasubiri miezi. Miezi ndiyo tuliyokuwa hatuna. Mpwa alikuwa ameandika kwamba madaktari hawaahidi kitu, na mama mwenyewe alikuwa na moyo ambao hospitali ilimwonya asiupandishe ngazi. Kila ofisi niliyoipigia simu iliniuliza kwa mshangao uleule: mnapeleka chuma kikuukuu Ulaya? Nilikasirika, na bado nimekasirika. Friji zao mbovu, televisheni zao zenye migongo, redio zao zilizochoka, vyote vinafika kwetu kwa makasha, na hakuna anayewauliza kwa nini. Njia ya kuja imelainishwa mpaka inateleza. Ya kurudi, hata kwa mashine moja ambayo ni yao, kila mtu anaizungumzia kama kichaa. Nani aliamua kwamba vitu vya zamani vinasafiri upande mmoja tu?

Kufunga mzigo lilikuwa jukumu lake, na hakutaka ushauri. Wanaosafirisha mayai kutoka vijijini huku Ufipa huyazika ndani ya makapi ya ulezi, kwa sababu makapi hayo ni mepesi, yanajaza kila mwanya na hayaachi kitu kicheze. Nilipoonyesha mashaka alijaza tenga mayai na makapi, akalinyanyua mpaka usawa wa magoti, akaliachia mbele yangu. Puu! Akafukua, akatoa yai moja baada ya jingine, zima, zima, zima. Tukachomoa zile taa za kioo, kila moja ikapata kitambaa chake, mashine ikalazwa katika sanduku la mbao alilochongewa na seremala wa mtaani, na ulezi ukamiminwa mpaka juu. Lile jicho la kijani alilifunga kwenye kilemba chake, akaliweka katikati kabisa. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba makapi ya ulezi yana uhusiano wowote na forodha.

Kwenye basi hakukubali sanduku liingie butini. Alilikatia tiketi. Kondakta alipokuta sanduku limeketi dirishani, limefungwa kamba kwenye kiti, na sisi wawili tumebanana pembeni yake, alisimama akakuna kichwa. "Mama, huyu abiria wako mbona hasemi jina?" Mama akamjibu, "Amelala. Ukimwamsha utamlipa." Abiria wakacheka mpaka Laela. Yeye hakucheka. Kila basi lilipopiga shimo aliweka kiganja juu ya kifuniko na kufumba macho, na kila tulipoingia kwenye mzani alikaza kamba upya. Tulipopita Tunduma midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikamsihi tushuke Mbeya, apumzike, tupande basi la kesho. "Kasha linafungwa kesho," akasema. "Kaa."

Kasha lilikuwa linafungwa siku ile tuliyofika ghala la wakala, alasiri. Yule kijana, mpole kwa kweli, akang'oa misumari ili akague, akaingiza mkono, na makapi yakamwagika sakafuni kama mchanga. Akaokota kidogo, akayanusa. "Mama angu, hii ni nini? Mbegu?" Mama akasema ni ulezi, makapi tu, si chakula. Kijana akatikisa kichwa. Mabaki ya mimea hayapandi meli bila cheti cha ukaguzi wa mimea, na cheti hakipatikani kwa saa chache. Akageuza sanduku, akatafuta kitu ubavuni. "Na hizi mbao hazina muhuri. Mbao ghafi lazima zipashwe moto kwenye tanuri zigongwe muhuri, wadudu wasisafiri. Hili likifika huko litateketezwa, na kilichomo ndani labda." Alilisema bila ubaya. Halafu ndipo akanigeukia na lile swali lake la simu, na mimi nikabaki namtazama mama.

Aliketi juu ya furushi la mtu, akafunga macho, na nikadhani ndiyo mwisho, kwamba nitapiga simu Sumbawanga kuwaambia watoto wake mama yao amefia ghalani kwa ajili ya redio. Nikamwambia turudi. "Turudi na nini?" akauliza, macho bado yamefumbwa. "Anasubiri." Kisha akayafumbua. "Wewe msomi, sanduku gani halihitaji muhuri?" Nikauliza, nikaambiwa plaiwudi: imeshapikwa na kugundishwa kiwandani, haihesabiwi kama mbao ghafi. Nikakimbia mtaa wa maseremala. Niliporudi na seremala, msukuma mkokoteni na vipande vya plaiwudi, sikumkuta mama. Alikuwa amekwenda kwa miguu, kwenye lile joto, kutafuta wauza mayai. Akarudi na mzigo wa trei za karatasi kichwani, mpya, bado zimefungwa. "Zilizotumika zina kinyesi cha kuku," akamwambia wakala kabla hajafungua mdomo, "nazo ungezikataa." Kijana akacheka kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ungefaa kuajiriwa hapa." "Unilipe nini, shikamoo?"

Tukapiga magoti sakafuni, mimi, mama na yule kijana wa wakala. Tulifagia ulezi kwenye kila pembe ya mashine kwa brashi ya rangi, punje kwa punje, huku forklifti ikipita nyuma yetu na mtu akipiga kelele kwamba kasha linajaa. Mama alipanga trei chini, juu na ubavuni, akizikunja ili mashine ikae kama inayoelea, isiguse plaiwudi popote. Kila taa ya kioo ikapata shimo lake la yai. Alipofika kwenye lile jicho nilinyoosha mkono kumpokea. Alinipiga kofi mkononi. Akalifunga upya kwenye kilemba, akalilaza, akafunika. Seremala akapigilia msumari wa mwisho sanduku likiwa tayari juu ya toroli. Tulitazama milango ya kasha ikifungwa, na hapo tu ndipo alipokubali kunywa maji.

Miezi ilipita. Kila asubuhi nilipopita sokoni hakuniuliza kitu, alinitazama tu, nami nikatikisa kichwa. Mpwa aliandika mara moja kwamba mjomba hali tena chakula vizuri, mara nyingine kwamba meli imechelewa bandari fulani, na nilianza kuziogopa barua pepe zake. Kisha siku moja ikaja picha. Chumba cheupe, mzee amekonda sana, ameinuliwa kwa mito, uso wake karibu kabisa na mashine, na kwenye mashine lile jicho linawaka kijani. Niliipeleka sokoni mbio. Mama alifuta mikono, akaishika simu kwa muda mrefu. Nilitegemea atauliza kama sauti imetoka safi, kama ameikumbuka kwaya. Aliuliza kitu kimoja: "Linacheza?" Nikasema ndiyo, mpwa amesema linacheza. Akanirudishia simu, akamgeukia mteja. Mzee alifariki majira yale ya baridi yao, na mama alipopata habari alifunga biashara siku moja, akaenda misa.

Tangu hapo nimelitumia tukio hili mara nyingi katika mabishano, kama mfano wa wazee wanavyong'ang'ania vitu. Nilidhani nimelielewa. Sisi tuliosoma tumezoea kuamini kwamba kitu ni kile kilichomo ndani yake: wimbo ni sauti, barua ni maneno, na chombo ni ganda la kutupwa ukishahamisha yaliyomo. Kwa imani hiyo tunatupa mengi, na tunawaambia watu wazima wenye akili zao nini wanachokihitaji. Kuuliza maswali ni kazi yangu na sitaiacha. Ila nimeanza kushuku yale maswali yanayokuja na jibu likiwa limeshakunjwa mfukoni, kwa sababu anayeuliza hivyo hasikilizi anachojibiwa. Mama alinijibu siku ile ya kwanza, kwa sentensi moja fupi, nami nikaipita.

Juzi, baada ya maziko, nilimpigia mpwa kumpa habari za msiba. Hatukuwahi kuongea kwa sauti kabla ya hapo. Alilia, akaomba nimweleze mama alikuwa mtu wa namna gani, nami nikamsimulia ghala, ulezi, trei. Nikamwambia walau mjomba wake aliisikia kwaya yake tena kabla ya kufa. Kisha akasema kwamba mjomba hakusikia kitu. Injini na misumeno ya karakana vilimla masikio akiwa bado huku Ufipa, akaficha ili wasimrudishe kwao, na alirekodi kwaya kwa kulitazama lile jicho. Huko misheni, mjomba alimwambia, ni mtu mmoja tu aliyegundua: msichana aliyekuwa akisimama mbele yake kila alipomsemesha, ili aione midomo yake.