Bushuti la Babu wa Mamboya

Kilosa, Jumapili ya mwezi wa saba. Asubuhi manyunyu, mchana jua hafifu.

Mwanangu, umeniuliza bushuti ni nini, kwa kuwa limetajwa kwenye orodha ya mahari unayopeleka Jumamosi. Ngoja nikumbuke siku niliyopeleka ya mama yako kule Mamboya, milimani kwenye baridi, ingawa sijui kama nitaieleza vizuri.

Nasi tulidaiwa bushuti la babu yake. Mimi, mtu wa joto la Kilosa, nikanunua blanketi jepesi la pamba, lenye maua. Babu akalipapasa.

“Hili ndilo bushuti?”

Kujibu ilikuwa kazi ya mshenga, mjomba wangu Salehe. Alikuwa anakohoa aombe radhi, nikamwahi.

“Babu, bushuti ni Kijerumani. Maana yake blanketi lolote. Lilikuja na reli.”

“Nani kakwambia?”

Hakuna aliyeniambia.

“Basi jifunike hilo lolote, ukae barazani mpaka umkumbuke aliyekwambia. Mahari itangoja.”

Nikakaa kwenye ukungu, meno yanagongana. Mama yako akapita na ndoo, akauliza, “Kijerumani kinapasha joto?” Kwa haki niseme, yeye anadai aliniuliza kama nataka chai. Nimeandika yote mawili.

Mwishowe nikabisha hodi. “Babu, sijui. Nilibuni.”

“Marahaba,” akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia. Akanivika bushuti lake kuukuu: sufu nzito, ngumu, inayowasha shingo kama upupu. Nikaacha kutetemeka.

“Wazee walisema neno hili tulipewa na Waarabu, kwa joho lao la sufu,” akasema. “Nami nimesikia tu, sikuwepo.”

Baadaye nilikuta kamusi inakubaliana naye. Wengine wanalivuta hadi Uajemi. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kuwaamua.

Mjomba aliahidi kurudi na bushuti la kweli, akarudi nalo, na mahari ikapokelewa.

Kwa hiyo mwanangu, Jumamosi mwache mshenga aseme. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui kabla hujapelekwa barazani. Na bushuti ulipapase mwenyewe dukani, lisipokuwasha, lirudishe. Mungu akufungulie mlango wa watu wale, na akupe mke atakayekucheka bila kukuacha.

Jioni tumekula ugali, mlenda na dagaa. Mama yako amelisoma daftari hili, akaniongezea mlenda, akakiri: chai hakuitaja.