Ubeti wa Wifi Yangu

Taarabu ndiyo iliyonikosanisha na wifi yangu, dada wa mume wangu, miaka na miaka. Na kosa lilikuwa langu, sisingizii mtu.

Siku hizo hapa Maskati taarabu tukiipigia sebuleni: kaseti kutoka Unguja, shoga mmoja na sauti yake, mwengine na dumbaki, tuliobaki makofi. Mie ndo kwanza nimeolewa, mila za ukumbini sizijui. Nikaona wenzangu wanainuka kumtunza mwimbaji, nami nikainuka, noti mkononi, najizungusha. Yarabi! Kumbe anayeinuka kwenye ubeti ndiye anayemrushia mtu kijembe, na ubeti ule ulimcheka mwanamke aliyerudishwa kwao. Wifi yangu, ameachwa hata mwezi haujesha, kakaa mbele yangu. Akachukua buibui lake akatoka. Nilimwomba radhi mlangoni kwake, kwenye simu, kwa kutuma watu. Wapi!

Sebule nayo haikutosha tena, taarabu ikahamia kumbi za harusi. Leo kina mama wana kundi lao, fidla na kinanda, na mazoezi wanafanyia mtaa wa Ghala, juu ya gereji, maana kule hakuna jirani wa kulalamika. Mwimbaji wao ni binti wa Tanga aliyekuja kufanya kazi za nyumbani. Sauti anayo, mashallah.

Mwaka huu namwoza mwanangu wa kike, nikapanda ngazi za Ghala kumwomba binti yule auache ule wimbo wa siku ile.

"Mama, ndio wanaouulizia kila harusi."

"Basi ruka ubeti wa tatu. Nakuomba, mwanangu."

Akakubali.

Wifi alikuja. Alikuja kwa ajili ya bibi harusi, si kwa ajili yangu, akakaa safu ya mbele. Wimbo ukapigwa, ubeti wa pili ukaisha, mwimbaji akarukia wa nne. Wifi akanyoosha mkono.

"We mwana, mbona unaruka? Hebu rudi!"

Binti wa Tanga akanitazama, mie nikatazama chini. Akauimba. Wifi akainuka na noti yake, akijipigapiga kifua, kwamba huu wangu mwenyewe, akaenda taratibu mpaka jukwaani akamtunza. Kisha akaja akasimama mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Inuka, wifi," akasema. "Miaka yote hii hata kucheza hujajifunza?"

Nikainuka. Nilikuwa nalia, na nilicheza vibaya mno.