Mama Keti na Benchi Lililookoa Tawi la Saba

Saa sita na robo mchana, ukumbi umejaa pomoni na mlangoni watu bado wanamiminika. Mama Keti amesimama kati ya rafu za vikombe na viti vya mbao, kitambaa begani, macho yanacheza huku na kule kama ya mwenye harusi anayehofia chakula hakitatosha.

"Baba, pita hapa, kiti hiki kinakungoja wewe. Na wewe dada mwenye mtoto, kaa kile cha kubembea. Mtoto atalala kabla supu haijafika."

Yule baba anakaa. Karatasi ya bei inaning'inia kwenye mkono wa kiti, inamgusa goti. Anaisoma, anaiacha, anaisoma tena. Mama Keti anamwona kwa pembe ya jicho, wala hamsemeshi.

"Huyo ameshanunua," ananong'ona, "ila hajajua."

Hili ni tawi la saba la kampuni yenye migahawa kumi na moja. Kila mgahawa una duka la samani na vyombo kwa mbele; unapita dukani ndipo uufikie ukumbi wa chakula. Robo mwaka iliyopita tawi hili liliwaongoza wenzake wote kwa mauzo. Mwaka mmoja tu nyuma lilikuwa mkiani kabisa, na wafanyakazi wake ishirini na wawili walikuwa wameanza kuulizana nani ana ndugu anayeajiri.

Kazi ya Mama Keti ni kupokea wageni na kuwapangia meza. Anaikumbuka vizuri siku wakubwa wa makao makuu walipokuja.

"Walitukusanya jikoni. Wakasema miezi mitatu, mambo yasipobadilika tunafunga. Mpishi wetu aliacha vitunguu vikaungua. Yule bwana hajaunguza kitunguu tangu nimjue."

Wakati huo mishahara ilikuwa imeshapunguzwa kwa theluthi. Mume wake, dereva wa lori, ndiye aliyebeba karo ya watoto wawili peke yake.

"Alikuwa ananipigia simu akiwa njiani. 'Mke wangu, kibarua bado unacho?' Namwambia, 'Mpaka saa hii ninacho, piga tena jioni.'"

Tatizo lilionekana kwa macho. Mchana meza zilijaa, waliokosa nafasi walisimama mlangoni, wakichoka wakaenda zao. Dukani hapakuwa na wa kugusa kitu. Viti vilikaa na nailoni zao za kiwandani, vikipanguswa vumbi kila asubuhi kwa ajili ya mgeni asiyekuja.

Ndipo ikaja siku ya mvua. Mwalimu mmoja mstaafu, mgongo wake mbovu, alikuwa amesimama akisubiri meza huku mkewe amemshika kiwiko. Mama Keti hakuuliza mtu. Aliburuta benchi la mbao kutoka dukani, akalichana nailoni, akamkalisha.

Msimamizi wa tawi, kijana ambaye Mama Keti humwita "mwanangu bosi", alikuja mbio.

"Mama, hiyo ni bidhaa. Ikishakaliwa ni mtumba."

"Na isipokaliwa, mwanangu bosi, ni kuni."

Msimamizi hakucheka. Alimwambia benchi likipata mkwaruzo, bei yake itakatwa kwenye mshahara wake. Kwa mshahara ule uliobaki, hiyo ilikuwa jasho la miezi miwili.

Mwalimu alikaa, akaitwa mezani, akala, akarudi kulikalia tena akisubiri mvua ikatike. Mvua ikakatika, yeye hakuinuka.

"Akaniambia, 'Mgongo wangu haujanyamaza hivi tangu nistaafu. Benchi hili naondoka nalo.' Nilitaka kumkumbatia, lakini mkewe alikuwepo."

Kesho yake nailoni zote zilichanwa, na mchanaji alikuwa msimamizi mwenyewe. "Nilijiambia, kama ni kufukuzwa, tufukuzwe tukiwa tumekaa," anasema kijana huyo.

Tangu hapo anayesubiri meza husubiria dukani, kwenye viti vinavyouzwa, akinywa chai kwenye vikombe vinavyouzwa. Na Mama Keti, ambaye habari za mtaa mzima ziko mdomoni mwake, huchagua nani akae na nani.

"Fundi bomba namweka karibu na mwenye nyumba inayovuja. Mkwe namweka mbali na mama mkwe. Watu wakishapiga soga, kiti wanakizoea. Na ukishakizoea kiti, kukiacha ni kama kumwacha ndugu."

Mhasibu wa makao makuu alipoona hesabu zimepanda alidhani kuna mtu amekosea kujumlisha. Akaja kukagua. Akaombwa akae kidogo, akasinzia. Aliondoka na viti viwili juu ya gari.

Miezi mitatu ilipotimia, wakubwa walirudi. Mauzo ya duka yalikuwa yamepanda mara tatu, na ukumbi haukuwa na pa kutia mguu. Wale waliosema watafunga walisubiri meza kama watu wengine.

"Niliwakalisha vizuri tu," anasema Mama Keti. "Mmoja nilimweka karibu na mtoto mwenye ice cream."

Mishahara imerudishwa, na kamisheni juu yake. Hakuna hata mmoja kati ya wale ishirini na wawili aliyepoteza kazi. Mwezi ujao tawi la kumi na mbili linafunguliwa, na Mama Keti ndiye msimamizi msaidizi wake.

Amebakiwa na tamaa moja: kiti cha kubembea cha barazani kwake. Ameshajiwekea mara tatu, na mara zote tatu amekiuza kwa mikono yake. Mumewe ameapa kwamba safari hii mkewe akirudi bila kiti, yeye atalala kwenye lori. Kwa hiyo asubuhi hii msimamizi amekibandika karatasi kubwa: KIMEUZWA.

Yule dada mwenye mtoto anaigeuza karatasi hiyo polepole. Mtoto amelala fofofo kifuani mwake.

"Mama, hiki kimeuzwa kweli?"

Kule kaunta msimamizi anatikisa kichwa, anamwashiria Mama Keti akatae kukiuza. Mama Keti anamtazama mtoto, anatazama kiti, anashusha pumzi.

"Kilikuwa kimeuzwa, mwanangu. Usiinuke, utamwamsha. Ngoja nikuletee risiti hapo hapo."