Samaki na Chumvi ya Mchungaji

Nilianza kufuga samaki kwa chuki. Mume wangu alikuwa amezikwa, matanga yamekwisha, watu wote wamerudi kwao isipokuwa mdogo wake. Huyo alitoka Kavumu na begi moja, akaja kuomboleza, akabaki. Kwanza alikalia kiti cha marehemu. Halafu, bila haya, akahamia chumba chetu cha kulala, mimi nikabanana na binti yangu kwenye kitanda chake. Mwishowe akawa anawaeleza wageni kwamba nyumba ni ya ukoo wao na sisi tunakaa kwa huruma yake. Nyumba tuliyoijenga mimi na mume wangu, mchanga nikiupandisha mlima wa Kadutu kichwani mwangu! Siku moja nikamkuta anapima ukuta wa sebule. Eti hapo ataweka televisheni yake kubwa.

Nikasema moyoni, utaona.

Ofisini kwetu kulikuwa na tangi la vioo ambalo mkubwa mmoja aliliacha alipomaliza mkataba. Nikaliomba, nikawabebesha vijana, nikaliweka palepale kwenye ule ukuta, nikalijaza maji hadi juu. Tangi la ukubwa ule likishajaa halisogezwi na mtu mmoja, hata awe na hasira ya namna gani.

"Shemeji, hii kitu utaitoa lini?" akaniuliza.

"Siku wewe utatoka."

Basi ilibidi niweke samaki, maana tangi tupu lingekuwa kichekesho. Mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Uvira aliniletea samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, wa manjano na wa buluu, ndani ya bidoni. Nikawamwaga moja kwa moja kwenye maji ya bomba yanayonuka dawa. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wanaelea tumbo juu. Shemeji akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama nitawakaanga. Yule mama wa Uvira, nilipompigia simu, hakunicheka, alinitukana.

"Maman, we unaua viumbe ya Mungu! Hiyo maji inapaswa kulala kwanza."

Akanifundisha. Maji yakae wazi kwenye mabeseni mpaka harufu iishe. Usibadilishe yote kwa pamoja, toa kidogo, rudisha kidogo. Chakula kidogo, ndagala wa kusaga, si kuwajaza kama mbuzi wa sikukuu. Na kwa kuwa maji ya kwao Tanganyika ni mazito, ukibadilisha tia chumvi kidogo. Hiyo wanaipenda.

Kundi la pili liliishi. Dume moja la buluu lilijitwalia jiwe kubwa na kuwafukuza wenzake kila kona, nikalichukia bure, maana lilinikumbusha mtu. Nikayatoa mawe yote na kuyapanga upya. Likapotea, halikujua tena kwake ni wapi, likatulia. Nilifurahi siku nzima.

Shemeji alipoona siondoki, akatafuta njia nyingine. Akaanza kunong'ona mtaani kwamba nafuga mamiwata, yule mwanamke wa majini ambaye watu wetu wanasema humpa mwanamke mali na kumchukulia mume. Samaki gani hawaliwi, hawauzwi, na wanalishwa kuliko watu? Kwamba mume wangu alikufa kabla tangi halijaingia nyumbani, hilo hakuna aliyejisumbua kulikumbuka.

Jumapili moja, natoka misa, nikamkuta sebuleni na watu wa ukoo na mchungaji wa chumba kimoja cha maombi. Mchungaji alishika pakiti ya chumvi iliyoombewa.

"Ikiwa ni samaki ya Mungu, itaishi," akatangaza. "Ikiwa ni ya mamiwata, kesho asubuhi itakuwa imekufa, na huyu mama atatoka mu hii nyumba."

Shemeji alikuwa anatabasamu. Yeye alijua jambo moja tu, kwamba chumvi huua samaki wa ziwa. Mimi nilijiuma ulimi nisicheke, ila nilikikodolea macho kiganja chake, maana kama angemwaga pakiti nzima, sijui ingekuwaje. Lakini mchungaji alikuwa mchoyo wa chumvi yake. Akatia kiganja kimoja, akaomba kwa kelele, akaenda.

Asubuhi walirudi wote. Samaki wakakimbilia kiooni kudai chakula, rangi zimewaka kuliko jana.

"Haya," nikasema.

Mchungaji akakohoa. Shemeji akaruka. "Munaona? Chumvi ya Mungu imeshindwa! Hiyo pepo iko na nguvu sana!"

Na wale watu, nawaapia, wakaitikia kwa vichwa. Hapo nikaelewa kwamba wafe wapone, ningetupwa nje. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nikamsogelea shemeji polepole, nikamwambia kwa sauti tamu:

"Kumbe umejua. Ni kweli, iko humu. Na kila siku inaniuliza weye unalala chumba gani. Mwenye alilala mule kabla yako, unajua mwenyewe iko wapi."

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondoka, ndara ameziacha. Mchungaji aliisahau pakiti yake, nikaipikia. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyedai hata mlango wa ile nyumba. Nilishinda, na nilijisifu.

Lakini maneno yalishuka mlima haraka kuliko yeye. Kwenye bomba wanawake walinipisha nichote wa kwanza, nikadhani ni heshima. Kisha ikafika komunyo ya kwanza ya binti yangu. Nilipika sombe, kuku, wali, nikakodi viti vya kujaza ua. Hakuna aliyeingia. Jirani yetu mmoja tu alikuja na mwanawe, akaweka zawadi juu ya ukuta wa nje, akamwita binti yangu aje aichukue.

Mtoto akarudi na gauni lake jeupe, analia. "Mama, waambie ulidanganya."

Nikatoka mbio mpaka barabarani. Nikamwambia yule jirani kwamba nilidanganya, kwamba ni samaki tu, samaki wa Uvira, aje aone mwenyewe, aweke mkono ndani kama anataka. Nilimsihi, mimi nisiyemsihi mtu.

"Ndiyo, maman, tunajua," akasema, huku akimvuta mwanawe nyuma ya kitenge chake.